Kuzunguka Bure na Kuserereka: Ufafanuzi wa Upotevu wa Mshiko katika Magari ya Spoti Yanayosukumwa na Magurudumu ya Nyuma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini gari la spoti ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, na ni matendo gani ya mikono na miguu yanayoweza kulirudisha njiani. Hoja ya msingi ni kwamba tairi lina akiba moja tu ya mshiko, na akiba hiyohiyo ndiyo hugharimia kusukuma gari, kufunga breki na kukata kona. Neno kuteleza, linalotumiwa katika Kiswahili cha barabarani kwa kila aina ya upotevu wa mshiko, hufunika hali mbili ambazo visababishi vyake havifanani na tiba zake hazifanani. Makala yanapendekeza hali hizo zitenganishwe kwa kutumia maneno ambayo tayari yamo katika lugha. Mfano mkuu unaotumika ni Toyota 86 iliyoingia sokoni mwaka 2012.

1.0 Utangulizi

Ukimwuliza dereva mzoefu wa Dar es Salaam nini kilitokea hadi gari likageukia lilikotoka, atakujibu kwa neno moja: liliteleza. Neno hilo ni sahihi, na hakuna sababu ya kulifuta. Tatizo ni kwamba dereva huyohuyo atalitumia kwa gari lililokwama kwenye tope huku magurudumu yakizunguka, kwa gari lililofunga breki likaendelea mbele, kwa gari lililogoma kukata kona likaingia mtaroni, na kwa gari ambalo nyuma yake iliipita mbele yake. Kwa msimuliaji wa ajali, neno moja linatosha. Kwa mtu anayetaka kujua mguu ufanye nini, halitoshi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki kwa sababu ya magari yaliyomo barabarani. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto kama Japani, na kwa hiyo sehemu kubwa ya magari yaliyotumika hutoka huko yakiwa na usukani upande wa kulia. Magari madogo ya familia kama Vitz, IST na Passo kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele. Lakini katika meli hizohizo huja Mark II, Crown na Altezza, ambazo injini iko mbele na kazi ya kusukuma iko nyuma. Altezza iliingia katika soko la Japani mwaka 1998, na toleo lake la RS200 lilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 210. Gari la namna hiyo linapofika kwa mmiliki wa pili au wa tatu, aghalabu huyo ni mtu aliyejifunza udereva kwenye gari linalovutwa kwa mbele. Amebeba mazoea yaliyomsaidia kwa miaka, na mojawapo ya mazoea hayo, kama itakavyoonekana, ndilo litakalomdhuru.

Uamuzi unaozungumziwa hapa hufanywa ndani ya sekunde moja. Katika muda huo dereva hana nafasi ya kutafsiri maelezo aliyoyasoma kwa lugha nyingine. Huo ndio msingi wa kutaka maelezo haya yawepo kwa Kiswahili, na yawepo kwa maneno yasiyogongana.

2.0 Akiba moja ya mshiko

Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba kila agizo la dereva. Kani kubwa kabisa ambayo kiganja kimoja kinaweza kuitoa hutegemea vitu viwili: uzito unaokikandamiza, na msuguano kati ya mpira na barabara. Katika lami kavu, kizio cha msuguano huwa kati ya 0.8 na 1.0 kwa tairi la kawaida lenye hali nzuri. Katika lami yenye maji hushuka hadi karibu na 0.5, na hushuka zaidi iwapo tairi limeisha.

Mhandisi wa Kijerumani Wunibald Kamm, aliyefanya kazi zake Stuttgart, alihusishwa na mchoro ambao hadi leo huitwa duara la Kamm. Katikati ya duara ni tairi lisilofanya kazi yoyote. Mshale unaokwenda mbele ni kusukuma, unaorudi nyuma ni breki, na mishale ya kulia na kushoto ni kukata kona. Mshale wowote unaruhusiwa, pamoja na wa mshazari, mradi ncha yake isitoke nje ya duara. Ikitoka, tairi haliwezi tena kutimiza lililoagizwa.

Mtu anaweza kulifananisha jambo hili na mshahara: shilingi iliyolipa kodi ya nyumba hainunui unga. Ulinganisho huo unafaa kwa kuanzia, lakini hesabu ya duara si ya kutoa tu. Tairi linalotumia asilimia 80 ya mshiko wake kukata kona halibakiwi na asilimia 20 za kusukuma. Kwa kanuni ya Pythagoras linabakiwa na asilimia 60. Hiyo ni habari njema kwa dereva. Habari mbaya iko karibu na ukingo: tairi linalotumia asilimia 95 kukata kona limebakiwa na asilimia 31 tu, na linalotumia 100 halina kitu. Kwa maneno mengine, tofauti ndogo katika kasi ya kuingilia kona, ambayo dereva huenda hata asiihisi, hupunguza kwa nusu kiasi cha mafuta anachoweza kukanyaga anapotoka. Nadhani hapa ndipo madereva wengi hudanganywa na gari lao wenyewe. Jana kona hii ilikubali mguu mzima. Leo, kwa kasi iliyozidi kidogo, imekataa nusu yake.

Kuna jambo jingine linalolifanya neno kuteleza lizidi kuwa gumu. Tairi halitoi kani yoyote bila kuteleza kidogo. Gurudumu linalosukuma huzunguka haraka kiasi kuliko gari linavyokwenda, na kani yake hufika kileleni tofauti hiyo inapokuwa kati ya asilimia 10 na 20. Baada ya kilele, kadiri tofauti inavyokua ndivyo kani inavyoshuka. Vivyo hivyo kwenye kona: tairi huelekea pembe ya nyuzi chache tofauti na njia linayopita, na pembe hiyo ndiyo inayolikunja na kulipa kani ya pembeni. Kwa hiyo kuteleza si kinyume cha kushika. Kuteleza kidogo ni sehemu ya kushika, na balaa huanza pale kilele kinapovukwa.

3.0 Hesabu ya gari moja

Toyota 86 imechaguliwa kwa sababu iliundwa kwa makusudi ili dereva wa kawaida aweze kuufikia mpaka wa mshiko bila kwenda kasi kubwa. Mhandisi mkuu Tetsuya Tada na wenzake hawakuipa matairi mapana. Katika masoko kadhaa iliuzwa na matairi ya milimita 215 ya aina iliyotumika pia kwenye Prius, gari la mseto linalonunuliwa kwa ajili ya kubana mafuta. Waliokosoa uamuzi huo waliona ubahili. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa kiualimu: gari lenye mshiko wa wastani huonyesha kosa la dereva likiwa bado dogo.

Tungamo la gari hilo ni takriban kilo 1,240, na kati ya hizo asilimia 47 huwa juu ya ekseli ya nyuma gari likiwa limesimama. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.57, na kitovu cha uzito kiko kama mita 0.46 kutoka ardhini. Injini ya lita 2.0 ina nguvu farasi 200, na nguvu yake ya kuzungusha hufika niutoni-mita 205 kwenye mizunguko 6,400 hadi 6,600 kwa dakika. Uzito wa dereva umeachwa nje ya hesabu ili kurahisisha.

Gari linapoongeza mwendo, uzito huhamia nyuma. Kila mtu aliyewahi kukaa kiti cha abiria ameuhisi mgongoni. Kwa mchapuko wa mita 4 kwa sekunde ya pili, uzito unaohama katika gari hili ni karibu niutoni 890, sawa na mtu mmoja mwenye kilo 90 kuruka kutoka boneti hadi buti. Hili ndilo linaloyapa magari yanayosukumwa kwa nyuma ubora wake: kadiri yanavyosukuma ndivyo matairi yanayosukuma yanavyokandamizwa. Gari linalovutwa kwa mbele hupata kinyume chake.

Tukichukua msuguano wa 0.9 kwa lami kavu na kuuhesabu uzito uliohama, matairi mawili ya nyuma yanaweza kusukuma kwa niutoni 6,100 hivi. Kwa lami yenye maji na msuguano wa 0.5, kiwango hicho hushuka hadi takriban niutoni 3,100. Sasa tuangalie upande wa injini. Nguvu ya kuzungusha huzidishwa na gia (3.626 kwa gia ya kwanza), kisha na difu (4.100), hupungua kwa sehemu ya kumi hivi kutokana na msuguano wa ndani, na hatimaye hugawanywa kwa nusukipenyo cha gurudumu, ambacho ni karibu mita 0.305. Matokeo kwa gia ya kwanza ni niutoni 9,000. Gia ya pili hutoa 5,400, ya tatu 3,800 na ya nne 3,000.

Tarakimu hizo zinaeleza mengi zikisomwa pamoja. Katika gia ya kwanza injini inaweza kuyashinda matairi hata kwenye lami kavu na barabara iliyonyooka. Katika gia ya pili hayashindwi pakiwa pakavu, ila mvua ikinyesha yanashindwa kwa mbali. Gia ya tatu ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi, ingawa madereva huiona ya salama. Kwenye mizunguko ya chini injini haijafika kilele chake, na msukumo wa gia ya tatu huwa chini ya kiwango ambacho lami yenye maji inaweza kukistahimili. Gari linakubali. Mizunguko inapopanda, msukumo unavuka mpaka ingawa mguu wa dereva haujasogea hata kidogo. Dereva aliyejiaminisha kwamba mguu huu ni salama kwa sababu ulikuwa salama sekunde mbili zilizopita hujikuta gari limemponyoka kwenye kasi kubwa.

Hayo yote ni kwa barabara iliyonyooka. Weka kona inayodai asilimia 80 ya mshiko wa nyuma, na kwenye lami kavu kiasi kinachobaki cha kusukuma ni karibu niutoni 3,400. Gia ya pili inazidi kiwango hicho kwa mbali, na gia ya tatu inakizidi kidogo. Kona ikidai asilimia 95, kinachobaki ni niutoni 1,700 tu, chini ya theluthi ya uwezo wa gia ya pili. Gari hili lina nguvu farasi 200. Msomaji anaweza kukisia hali ya gari lenye 400.

4.0 Hali mbili chini ya neno moja

Napendekeza kwamba hali ya kwanza iitwe kuzunguka bure. Gurudumu linazunguka haraka mno kuliko gari linavyokwenda, mpira unalia au kutoa moshi, na gari halipati mwendo unaolingana na kelele. Kwenye barabara iliyonyooka hali hii ni hasara ya matairi kuliko hatari. Hali ya pili iitwe kuserereka: nyuma ya gari inakwenda pembeni. Maneno yote mawili yanaeleweka na mzungumzaji yeyote bila maelezo, na hilo ni bora kuliko kuunda istilahi mpya ambayo itabaki ndani ya kurasa za tasnifu.

Mhakiki anaweza kuuliza: kama hali hizo hutokea pamoja, kuna faida gani kuzitenganisha? Jibu ni kwamba moja huzaa nyingine, na kati ya kuzaa na kuzaliwa kuna nafasi ambayo dereva anaweza kuitumia. Gurudumu likianza kuzunguka bure katikati ya kona, karibu akiba yote ya mshiko humezwa na mzunguko huo, na kani ya pembeni iliyokuwa ikiizuia nyuma isitoke nje ya kona hupotea. Ndipo nyuma huserereka. Gari sasa linakata kona zaidi ya dereva alivyoagiza, pua ikielekea ndani na mkia ukielekea nje.

Difu huamua ni kwa haraka kiasi gani jambo hilo litatokea. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa magurudumu mawili, na kwa hiyo gurudumu lenye mshiko mdogo ndilo linaloweka kikomo kwa yote mawili. Kwenye kona, gurudumu la ndani hupungukiwa uzito na huanza kuzunguka bure peke yake. Gari linapoteza msukumo, dereva analalamika, lakini gurudumu la nje bado limeshika pembeni na gari halijageuka. Difu inayobana, ambayo magari mengi ya spoti huwa nayo, hulizuia gurudumu la ndani lisikimbie na kupeleka sehemu kubwa ya nguvu kwa la nje. Msukumo unaongezeka sana. Lakini mpaka ukivukwa, magurudumu yote mawili huvuka kwa pamoja, na nyuma nzima hutoka. Mafundi husema difu inayobana inashika vizuri zaidi, na ni kweli. Kisichosemwa ni kwamba difu ya kawaida ilikuwa ikitoa onyo, na onyo hilo limeondolewa.

Sasa tulitazame gari linalovutwa kwa mbele. Dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi kwenye kona, magurudumu ya mbele ndiyo yanayopoteza mshiko, na kwa kuwa hayo ndiyo yanayoelekeza, gari hugoma kukata kona na kwenda nje. Dereva huachia mafuta, uzito hurudi mbele, magurudumu hushika, na gari hutii. Tiba ni kuachia, na ni tiba inayofanya kazi karibu kila mara. Baada ya miaka kadhaa mguu hauhitaji tena kuamriwa.

Mguu huohuo ukiwa ndani ya Altezza au Toyota 86 huleta jambo tofauti. Nyuma inapoanza kuserereka, kuachia mafuta ghafla hufanya mambo mawili kwa mpigo: uzito hukimbilia mbele na kuyaacha matairi ya nyuma yakiwa mepesi wakati yanapouhitaji zaidi, na injini hugeuka kuwa breki ya magurudumu ya nyuma, ikidai sehemu yake kutoka akiba ambayo tayari imekwisha. Kuserereka kulikoanzishwa na mafuta mengi hukamilishwa na kutokuwepo kwa mafuta.

5.0 Magari yaliyopata sifa mbaya

Porsche 911 Turbo iliyotoka mwaka 1975 hutajwa kila mara katika mjadala huu, na inastahili, ingawa kwa sababu iliyo tofauti kidogo na inayodhaniwa. Injini yake ilikuwa nyuma ya ekseli ya nyuma, na uzito huo uliyapa matairi yanayosukuma mshiko mkubwa. Haikuwa gari jepesi kuzungusha magurudumu bure. Ubaya wake ulikuwa katika muda. Turbo ya enzi ile ilichelewa kuamka. Dereva alikanyaga mafuta akiwa katikati ya kona, hakupata kitu, akaongeza, na nguvu farasi 260 zikafika zote wakati hali ya kona imekwisha kubadilika. Akishtuka na kuachia, uzito wa injini uliokuwa nyuma uliendelea na safari yake kama jiwe kwenye kombeo. Mwaka 1978 injini ilikuzwa hadi lita 3.3 na nguvu farasi 300, na gia zikabaki nne hadi mwaka 1989.

Dodge Viper ya mwaka 1992 ilikuwa na tatizo la wazi zaidi: injini ya lita 8.0 yenye silinda 10 na nguvu farasi 400, bila mfumo wa kuzuia magurudumu kuganda wakati wa breki, na bila chombo chochote cha kupunguza nguvu magurudumu yanapozunguka bure. Hapo hakukuwa na kuchelewa. Mguu ulipata kila ulichoomba.

Vifaa vya elektroniki viliibadilisha hali hii hatua kwa hatua. Mfumo wa breki wa Bosch uliofungwa kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978 uliweka kipima mwendo kwenye magurudumu. Katika miaka ya 1980 vipimo hivyo vilianza kutumika kugundua gurudumu linalozunguka bure na kupunguza nguvu ya injini. Mwaka 1995 ukaja mfumo wa uthabiti, ambao hulinganisha pembe ya usukani na jinsi gari linavyogeuka kwa kweli, kisha hufunga breki ya gurudumu moja ili kulirekebisha. Inafaa kutambua kwamba wahandisi nao walilazimika kutenganisha hali mbili: kifaa cha kwanza hutibu kuzunguka bure, cha pili hutibu kuserereka. Marekani iliulazimisha mfumo huo wa uthabiti kwa magari yote mepesi mapya kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kufanya hivyo mwaka 2014. Magari mengi ya miaka ya 1990 yanayoendelea kupita katika barabara zetu hayana kifaa hata kimoja kati ya hivyo.

6.0 Mikono na miguu

Ushauri unaosikika sana ni huu: gari likiteleza, geuza usukani upande linakoteleza. Kama sentensi ya Kiswahili, ushauri huo una maana mbili. Chukua kona ya kulia. Nyuma inatoka kwenda kushoto, na pua inazidi kuelekea kulia. Gari linateleza upande gani? Anayetazama kupitia kioo cha mbele anaona pua ikienda kulia, na akizungusha usukani kulia amejimaliza. Aliyekusudia nyuma ya gari alimaanisha kushoto. Sentensi isiyo na utata ni hii: yaelekeze magurudumu ya mbele kule unakotaka gari liende. Haina kulia wala kushoto ndani yake, na inamlazimisha dereva atazame njia badala ya kutazama ukuta anaouogopa. Macho yakitangulia, mikono hufuata.

Kurekebisha kwenyewe kunadai haraka, na kuondoa rekebisho kunadai haraka zaidi. Matairi ya nyuma yakishika tena huku usukani bado umezungushwa kushoto, gari hurushwa kushoto kwa nguvu kuliko lilivyotoka mwanzo. Wengi huokoa mtelezo wa kwanza na kuangamia kwenye wa pili. Usukani uanze kunyooshwa mara tu nyuma inapoacha kwenda nje, kabla haijaanza kurudi.

Kuhusu mguu, kitenzi cha kufundishwa ni kupunguza, na kitofautishwe kabisa na kuachia. Dereva anayepunguza hubakiza msukumo mdogo unaoiweka sehemu ya uzito nyuma na kuizuia injini isigeuke breki, lakini huirudisha kasi ya gurudumu karibu na kasi ya gari ili tairi lipate tena kani ya pembeni. Wapo wanaoshauri kwamba kamwe mafuta yasiguswe gari likiserereka. Ushauri huo ulitokana na magari kama 911 ya zamani, na kwa kuserereka kulikoanzishwa na mafuta mengi ni ushauri mbaya, kwa kuwa kinachoendelea kulisha tatizo ni mafuta yenyewe. Breki isiguswe katika hatua hii. Lakini gari likishapita pembe ambayo usukani hauwezi tena kuifidia, kanyaga klachi na breki kwa pamoja hadi mwisho na ushikilie. Gari linalozunguka likiwa limefungwa breki hupunguza mwendo likifuata njia inayotabirika. Likiachwa lishike tena ghafla, hakuna ajuaye litaelekea wapi.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Wakufunzi wa mbio huwaambia wanafunzi wauwazie uzi uliofungwa kati ya usukani na kidole gumba cha mguu wa kulia. Usukani ukizungushwa, uzi unauvuta mguu juu. Usukani ukinyooshwa, mguu unaruhusiwa kushuka. Picha hiyo ni duara la Kamm kwa mtu asiyependa hesabu.

7.0 Mvua ya kwanza na matairi ya nyuma

Katika mazingira yetu msuguano hautabiriki kwa kutazama mawingu tu. Mvua ya kwanza ya vuli huikuta lami ikiwa na mafuta yaliyodondoka na vumbi la miezi mingi, na mchanganyiko huo huteleza kuliko lami iliyooshwa kwa wiki nzima ya mvua. Mchanga unaosombwa hadi kwenye mizunguko ya barabara hukaa hasa pale gari linapotoka kwenye kona, yaani mahali ambapo dereva wa gari la spoti huanza kukanyaga mafuta.

Matairi ya mtumba huongeza shaka. Kashata nzuri haimaanishi mpira mzuri, maana mpira hukakamaa kwa umri hata kama haujatembea. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa msimbo unaoanza kwa herufi DOT, kuna tarakimu 4: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tarakimu hizo zisomwe kabla ya kujadili bei.

Na pale mmiliki anapoweza kumudu matairi mawili mapya tu, desturi ya gereji nyingi ni kuyafunga mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Watengenezaji wa matairi hushauri kinyume, kwa magari yanayovutwa mbele na yanayosukumwa nyuma vilevile: mapya yafungwe nyuma. Mbele ikipoteza mshiko, dereva huhisi usukani ukilegea na ana muda wa kupunguza mwendo. Nyuma ikipoteza, hasa katika gari ambalo nyuma hiyo inabeba pia nguvu yote ya injini, taarifa humfikia kupitia kiti, na humfikia gari likiwa tayari limeanza kugeuka.